Tulipoongeza Baraza Nyumbani: Upepo Kwanza, Paa Baadaye

Wifi yangu anaishi Minnesota, Marekani, na picha zake ndizo zilizoanzisha jambo hili. Alikuwa ameongeza chumba nyuma ya nyumba yake: vioo pande tatu, makochi meupe, vyungu vya maua sakafuni. Kule wanakiita chumba cha misimu mitatu, kwa sababu hakiwekewi mfumo wa kupasha joto. Theluji ikiyeyuka wanahamia humo, kiangazi chote wamo, majani yakianza kupukutika bado wamo. Baridi kali ikirudi wanafunga mlango na kukiacha. Mume wangu alizitazama zile picha akasema na sisi tujenge cha namna hiyo, upande wa mbele, vioo vya kuslaidi kuanzia chini mpaka juu.

Mama mkwe, ambaye ndiye angekaa humo kuliko sisi sote, aliuliza swali moja.

"Na upepo utapita wapi?"

Swali hilo ndilo lililojenga baraza letu. Naandika haya kwa ajili ya mtu mwenye nyumba yake hapa Dar es Salaam anayetaka kuongeza mahali pa kukaa, na ambaye ameshaanza kukusanya picha kwenye simu. Picha nyingi zinatoka nchi ambazo jua ni haba. Kioo hupitisha mwanga wa jua, mwanga ukigonga sakafu na viti hugeuka joto, na joto hilo halipati njia ya kutoka. Kwa wifi yangu hiyo ndiyo faida yenyewe: siku ya baridi jua linamtosha bila kuwasha chochote. Sisi tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Desemba hadi Machi joto la mchana hufika nyuzi 32 hivi, na hewa ina unyevu mwingi kiasi kwamba hata kivulini jasho halikauki mpaka upepo upite juu ya ngozi. Hata Julai na Agosti, tunapotafuta shuka zito, usiku hushuka hadi nyuzi 18 au 19 tu. Hatuna msimu wa kulitega jua. Mahali pa kukaa kwetu panataka kivuli na upepo, na kati ya hivyo viwili upepo ndio mgumu kuupata, kwa sababu kivuli utakinunua kwa bati, upepo hauuzwi.

Nyumba yetu iko Mjimwema, Kigamboni. Ni ya vyumba vitatu, ya kawaida kabisa, geti liko kaskazini na sebule iko upande wa mashariki. Mama mkwe alihamia kwetu kutoka Bagamoyo magoti yalipoanza kumsumbua. Ndani alikuwa na feni na televisheni, na hakuvitaka. Alizoea kukaa nje, asuke ukili wake, aone watu. Umeme ukikatika sebule iligeuka jiko. Basi akawa anatoka na mkeka wake, asubuhi anautandika hapa, mchana anausogeza pale, na sisi wengine tukawa tunamfuata.

Kabla ya kumwita fundi tuliuangalia ule mkeka. Sikutegemea kwamba hapo ndipo tutapata ramani, lakini ndivyo ilivyokuwa. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, upepo ulitujia kutoka kaskazini mashariki. Kusi ilipoingia, baada ya masika, ukawa unatoka kusini na kusini mashariki. Pepo zote mbili, kwa mahali tulipo, zinapita juu ya bahari kwanza, na zote zinaugusa upande wa mashariki wa nyumba. Upande wa magharibi, ambao mafundi wawili watatu walishauri kwa sababu kulikuwa na nafasi kubwa, haukupata upepo hata miezi ile ambayo minazi ilikuwa inainama.

Jua nalo tulilifuata. Wengi wetu tunadhani jua baya ni la saa sita mchana. Kwa Dar jua la saa sita karibu liko utosini mwaka mzima: Juni linaelemea kaskazini kwa kimo cha nyuzi 60 hivi, Desemba linaelemea kusini kwa nyuzi 73 hivi, na mapema Machi, kisha tena karibu tarehe 10 Oktoba, linapita juu ya kichwa kabisa. Jua la namna hiyo paa linalotokeza kidogo tu linalizuia. Jua linalochoma ni la pembeni, la asubuhi na la jioni, ambalo linaingia chini ya paa. Na hayo mawili hayalingani. La asubuhi linaukuta ukuta umepoa usiku kucha. La saa kumi jioni linaukuta umeshapata moto tangu mchana, kisha linauongezea, na ukuta unautema moto huo mpaka watu wanapokwenda kulala. Kuanzia saa saba upande wetu wa mashariki uko kwenye kivuli cha nyumba yenyewe, na kivuli hicho kinazidi kurefuka hadi jioni. Saa ambazo mzee anataka kukaa nje ni hizo hizo.

Kwa hiyo mashariki. Mume wangu alikubali, shingo upande, maana yake baraza linakwenda ubavuni badala ya mbele. Mama mkwe hakukubali kabisa.

"Mwanangu, baraza lisiloona geti ni stoo."

Nilimwelewa. Nyumba alizokulia, za Bagamoyo na zile za Kariakoo walikokaa dada zake, zilikuwa na baraza mbele, kando ya mlango wa kuingilia. Hapo mgeni anapokelewa bila kuingizwa ndani. Hapo muuza samaki anasimamishwa, mtoto wa jirani anatumwa dukani, salamu zinapita siku nzima. Mtu mzima ukimtoa hapo ukamweka nyuma ya nyumba penye upepo mzuri, umempa hewa ukamnyima watu. Sisi tulikuwa tumehesabu nyuzi za joto, yeye akawa amehesabu salamu, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Tukachora upya. Baraza likafuata ukuta wa mashariki, kisha mwisho wa kaskazini likatokeza mita moja na nusu kupita kona ya nyumba. Anayekaa mwisho ule analiona geti na kipande cha barabara. Kiti chake kiko hapo.

Kibali sitakirefusha. Watu wengi huona kuongeza baraza ni jambo la ndani, kama kupaka rangi. Kuongeza sehemu kwenye nyumba iliyokwisha kujengwa kunahitaji kibali cha ujenzi kutoka halmashauri, na kwetu hiyo ni Manispaa ya Kigamboni. Tulianzia serikali ya mtaa, tukapeleka mchoro. Kilichonufaisha zaidi kuliko karatasi yenyewe ni kwamba ilitubidi kuzitafuta bikoni, zile alama za mpaka wa kiwanja, zilipo. Tulikuwa tunauchukulia uzio kuwa ndio mpaka. Ukitaka kujenga karibu na jirani, zitafute bikoni kwanza na umwite jirani azione, mapema, kabla msingi haujachimbwa.

Msingi ulikuwa na funzo lake. Fundi wetu ni mtu wa makamo, mpole, ambaye anapima kwa macho halafu anapima kwa futi kuyahakiki macho. Alitueleza kwamba nyumba yetu imeshakaa chini kiasi inachotaka kukaa, lakini baraza jipya bado halijakaa. Ardhi ya kwetu ni mchanga. Ukifunga ukuta mpya kwenye ukuta wa zamani, mpya ukishuka hata kidogo unauvuta wa zamani, na hapo ndipo zinapotokea zile nyufa za kuanzia juu hadi chini ambazo watu huzipiga plasta kila mwaka na kila mwaka zinarudi. Akaacha mwanya wa sentimita mbili kati ya sakafu mpya na nyumba, akaujaza kwa kitu laini. Nguzo alizisimamisha safu mbili, moja nje na moja sambamba na ukuta, zote juu ya msingi wao wenyewe, ili paa lisimame kwa miguu yake lisiuegemee ukuta wa nyumba. Nondo na zege viliongezeka, na nilinung'unika kidogo. Sasa sinung'uniki.

Nilipomsimulia wifi, aliniambia kwao msingi unachimbwa zaidi ya mita moja kwenda chini, kwa sababu maji yaliyo ardhini yakiganda huinyanyua ardhi na chochote kilicho juu yake. Kila mahali pana adui wake chini. Kwetu ni mchanga na chumvi.

Chumvi hii niieleze, maana ndiyo inayokula majengo ya Kigamboni kimyakimya. Siku ya kwanza ya zege, vibarua walikuwa wameshajaza mapipa kwa maji ya kisima cha jirani. Fundi alikuja, akachovya vidole, akaweka ulimini, akatema. "Haya ya kuoshea sepetu," akasema. Wakayamwaga. Tukangoja boza la maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kazi ikasimama hadi mchana, na vibarua ilibidi walipwe siku nzima. Maji ya chumvi yakiingia kwenye zege lenye nondo, nondo inaanza kuoza kutoka ndani; kutu hutanuka, zege linapasuka na kudondoka vipande vipande. Nguzo za namna hiyo zipo tele ukipita pwani, nondo ziko nje zinaonekana. Mchanga ni vilevile, usikubali mchanga wa ufukweni hata uletewe kwa bei ya kutupa. Na zege likishamwagwa, limwagiliwe asubuhi na jioni kwa wiki nzima angalau. Kazi hii fundi akiondoka inakuwa yako wewe mwenye nyumba, na haimtaki mtu mvivu.

Sasa paa, ambalo lilichukua mjadala mrefu kuliko yote.

Ukingo wa paa la nyumba ulikuwa mita 2.7 kutoka sakafu ya ndani. Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuliunganisha bati jipya na ukuta au na bati la zamani, kisha kuyafunika maungio kwa kipande cha bati kilichokunjwa na kukiziba kwa lami. Nyumba nyingi ninazozijua zimefanywa hivyo, na nyingi zinavuja hapo hapo. Bati hutanuka mchana likipata jua na kunywea usiku, kila siku, na lami haiwezi kuvumilia mvutano huo. Baada ya masika mbili tatu imepasuka. Njia ya pili, aliyoitaka fundi, ni kulianzisha paa jipya chini ya ukingo wa paa la zamani, wima wa kiganja kimoja chini yake, yasigusane. Paa la zamani linatokeza sentimita 60, kwa hiyo linaufunika mwanzo wa paa jipya. Maji ya juu yanadondokea bati la chini na kuendelea na safari. Hakuna maungio, kwa hiyo hakuna cha kuvuja. Na uzuri mwingine niliuona baadaye: hewa ya moto inayopanda chini ya bati jipya inatokea katika ule mwanya, haibaki juu ya vichwa vyetu.

Lakini njia hiyo ina bei yake, nayo ni kimo. Bati linataka mteremko, la sivyo upepo unayarudisha maji nyuma pale bati moja linapolala juu ya jingine. Tulichukua mteremko wa nyuzi 10, ambao kwa kila mita moja ya upana unalishusha paa karibu sentimita 18. Baraza la upana wa mita 3, pamoja na nusu mita ya kutokeza nje, paa lake linashuka zaidi ya sentimita 60. Ukitoa na unene wa mbao, mtu mrefu angegonga kichwa ukingoni. Mume wangu alikuwa anataka upana wa mita 4, hesabu ikamkatalia. Upana wa baraza, nimejifunza, hauamuliwi na ukubwa wa kiwanja bali na kimo cha paa lililopo. Pima hapo kwanza kabla hujaahidi watu meza ya kulia.

Tulichofanya ni kuishusha sakafu sentimita 20 chini ya sakafu ya nyumba. Kichwa kikapata nafasi, na mvua ikiingia barazani haiwezi kuvuka kuingia sebuleni. Hiyo hatua ya sentimita 20 ikawa tatizo kwa magoti ya mama. Fundi wa kuchomelea akatuwekea bomba la kushikia ukutani, kando ya mlango, kimo cha kiuno cha mama mkwe mwenyewe. Alimsimamisha pale akapima. Naye ndiye mtumiaji wake mkuu, ingawa nimewaona wageni vijana nao wakilishika.

Paa la chini lina neema ambayo sikuitarajia. Jua la saa mbili asubuhi linaishia kwenye magoti, halifiki usoni, na mvua ya manyunyu haiingii. Nyumba za zamani za pwani zilikuwa na paa za kuinama kiasi kwamba mgeni anaingia akiinamisha kichwa, na nilikuwa nadhani ni ufukara wa mbao.

Mama mkwe alitaka makuti. Ni kweli hakuna paa la baridi kama makuti, na sauti ya mvua juu yake ni ya upole. Lakini makuti yanataka mteremko mkali sana ili maji yakimbie kabla hayajapenya, na sisi nafasi hiyo ya wima hatukuwa nayo. Tena yanaoza na kuhitaji kuezekwa upya kila baada ya miaka michache, na moto ni hatari. Tukaweka bati la rangi nyeupe, kwa sababu nyeupe hurudisha jua na nyekundu iliyoiva hulimeza. Chini yake tukapiga dari ya mbao za paini, zile zinazoshuka kutoka Mafinga zikiwa zimetiwa dawa ya mchwa, zikaachiana kidogo ili hewa ipite juu yake. Wapo waliotushauri jipsamu. Kwenye baraza la wazi karibu na bahari jipsamu hainusuriki. Hunyonya unyevu, ikapata madoa, ikalegea.

Simama karibu na fundi wakati wa kupiga misumari ya bati. Msumari unapigwa juu ya mgongo wa bati, siyo bondeni ambako maji yanapita, na ule mpira wake unabanwa bila kupondwa. Kijana mmoja alikuwa anaipiga bondeni kwa sababu nyundo inafika vizuri zaidi. Fundi alimshusha chini, akapanda mwenyewe.

Maji ya paa msiyaachie yaende tu. Paa letu jipya ni mita za mraba 24 hivi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kwa hiyo mvua moja nzuri ya milimita 30 inatuletea zaidi ya lita 700, bila kuhesabu yale yanayoshuka kutoka paa la zamani. Tuliweka gata, likaingia kwenye tangi. Bustani, choo, kufua, vyote vinakula hapo wakati wa masika. Hakikisha gata lina mteremko hadi mwisho. Maji yakituama humo unafuga mbu.

Na mbu ndio waliofanya baraza hili liwe karibu chumba. Nilikuwa nadhani wavu ni wa jioni, kwa ajili ya malaria. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa homa ya dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wa dengi anauma mchana, saa ambazo mzee amekaa anasuka ukili miguu ikiwa wazi. Huzaliana kwenye maji safi yaliyotuama: sinia chini ya chungu cha maua, kifuniko cha ndoo, gata hilo hilo. Tukaamua wavu uzunguke baraza zima, pamoja na ule mwanya wa juu kati ya paa mbili, ambao watu huusahau.

Tatizo ni kwamba wavu unapunguza upepo. Mtu yeyote aliyelala ndani ya chandarua usiku wa Februari anajua. Huwezi kuliepuka hilo, unaweza kulifidia kwa kuongeza uwazi. Ndiyo maana ukuta wetu wa chini ni wa sentimita 45 tu, kimo cha kukalia, na upana wake ni wa kukalia vilevile, kama mabaraza ya zamani. Juu yake ni wavu mtupu hadi darini. Watu kumi wakija tunapo pa kuwaweka bila kutoa kiti hata kimoja ndani. Tulichagua wavu wa faiba, kwa sababu ule wa waya kwa hewa ya Mjimwema unapata kutu na kutoboka. Tumeufunga kwenye fremu nyepesi zinazoning'inizwa kwa ndoano, zinashushwa na kuoshwa kwa maji na sabuni. Mkizipigilia moja kwa moja, vumbi litajaa kwenye matundu, na baada ya miezi kadhaa mtakuwa mmekaa nyuma ya pazia zito bila kujua upepo umekwenda wapi. Mlango wa wavu una springi ya kujifunga. Wenye watoto wataelewa kwa nini.

Grili zilihitajika kwa usalama, na hapo nilikesha na fundi wa kuchomelea. Skwea paipu huanza kuoza mahali pawili: kwenye vidonda vya kuchomelea na kwenye miguu yake. Kila kidonda kikwanguliwe, kipakwe redi oksaidi ya kuzuia kutu, kisha ndiyo rangi. Na mguu wa bomba usizikwe sakafuni kwenye saruji, maana maji ya kupigia deki hujikusanya hapo. Uishie juu ya ukuta, uzibwe mdomo. Tumeweka desturi ya kuzifuta kwa maji baridi na kuzikagua kabla ya masika.

Sakafu tulipiga niru, ule mpako laini wa saruji, yenye mteremko kuelekea nje, na nusu mita ya mwisho fundi aliikwaruza kwa fagio kabla haijakauka ili isiteleze. Mvua ya kusi inayokuja kwa kulala inaufikia upande huo, na tunashusha turubai zilizokunjwa juu. Turubai hazikingi kila tone. Viti vya mito vinaingia ndani siku hizo, mkeka unakunjwa, na jioni inakuwa ya sebuleni. Sisi nasi tuna siku ambazo baraza linafungwa, na kwetu ni chache.

Jambo moja linalohitaji kufikiriwa mapema ni chumba kilicho nyuma ya baraza. Dirisha la sebule yetu lilikuwa linatazama nje, sasa linatazama barazani. Mwanga umepungua. Dari nyeupe na ukuta mweupe vimesaidia kuurusha mwanga ndani, lakini asubuhi ya mawingu tunawasha taa, na hilo tulilipima tukalikubali. Kama chumba hicho kingekuwa jiko tusingejenga. Moshi na harufu ya gesi vinataka dirisha linalotoka nje moja kwa moja. Kama kingekuwa chumba cha kulala cha watoto, ningehoji sana, kwa sababu sauti za barazani hazilali mapema.

Kuhusu fedha, bei za vifaa zinabadilika haraka mno kwa mimi kuzitaja. Nitasema tu uwiano wake ulivyokuwa kwetu: kuta fupi zilikuwa sehemu ndogo, paa na grili vikachukua kubwa. Vile vioo vya kuslaidi tulivyokuwa tumepigiwa hesabu mwanzoni vingetosha kulipia wavu, grili, gata na tangi, na ndivyo tulivyofanya.

Mama mkwe sasa anatoka baada ya chai, anakaa mwisho wa kaskazini. Ukili unaning'inia gotini. Muuza dagaa anamsalimu kutoka getini, "Shikamoo bibi," naye anaitikia "Marahaba" bila kuinua macho kwenye mkono unaosuka, halafu ndipo anauliza bei. Mchana wa Februari, umeme ukiwa umekatika, jirani zetu wawili walikuja wakakaa mpaka alasiri.

Mmoja wao ameanza kupima kwake. Nyumba yake imebanwa mashariki na kusini, nafasi iliyobaki ni magharibi, na ameniuliza ajenge au aache. Nimemshauri asiweke baraza pana. Aweke upenu mwembamba wa mita moja na nusu kuukinga ukuta, upande wa jua aujenge kwa matofali ya matundu yanayopitisha hewa, na mbele yake apande mwarobaini leo, kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji. Mwarobaini unakua upesi kwenye mchanga wetu. Fundi atakuja kwake Jumamosi kupima kimo cha paa.